Mchezo wa Unene wa Kucha

Kulianza Marungu, lami inapokata kauli,
kwenye kishimo ambacho kila dereva wa barabara ya Pangani
anakijua, na kila dereva anakisahau.
Sabini kwa saa. Gurudumu la kushoto likaingia, likatoka,
na usukani ukanipokonya mikono.

Si kule kutetemeka kwa tairi lisilo na balansi.
Huku kulikuwa kupigwa.
Mkonga wetu wa idara ulitikisa kichwa kizima, la, la, la, la,
dashibodi ikamwaga kalamu, leseni, karanga za Nesi Zuwena,
na mikonge ya pande mbili ikawa ukungu wa kijani.

Mguu ulitaka breki mpaka sakafuni. Nikaukatalia.
Niliachia mafuta, kidogo, kidogo,
nikaushika usukani kama unavyomshika mtoto mwenye degedege:
humzuii, unamlinda tu asijigonge.
Sitini. Hamsini. Arobaini.
Ukatulia ghafla,
kama mtu aliyekuwa akigomba akakumbuka kuna wageni.

Nesi Zuwena hakusema neno. Alishuka,
akaweka boksi la chanjo juu ya boneti,
akahesabu vichupa mara mbili.
"Kigombe wanatungoja," akasema, akapanda.
Tukaenda kwa thelathini,
tukipitwa hata na bodaboda za magunia ya mkaa.

Ofisini wakanunua dampa mpya, nyekundu.
Wiki tatu niliendesha kama bwana harusi.
Wiki ya nne: Marungu, kishimo kilekile.

Basi nikaenda Chuda kwa Shekiondo, nyuma ya mashine ya kukoboa.
Akaitazama dampa, akacheka kwa pua.
"Mmemziba mdomo. Hamjamuuliza anaumwa nini."

Hakugusa jeki.
"Gari likining'inia linaficha ugonjwa. Liache libebe uzito wake."
Akatandika katoni ya sabuni, akaingia chini chali,
nje ikabaki miguu, ndala moja ya bluu, moja ya kijani.
"Kata kushoto. Kidogo! Kulia. Kushoto. Usiwashe."
Nikakata, saa tano, saa saba, saa tano, saa saba,
naye huko chini anagusa kiungo kimoja kimoja kwa kidole.
Tairodi, kimya.
Boljointi, kimya.
Beringi za kingipini: "Hizi zitakuja kudai, ila si leo."
Kisha kimya kingine, kirefu.
"Njoo."

Kijana wake Hatibu akashika usukani.
Nikalala kando ya fundi, shati la kazi juu ya grisi,
akachukua kidole changu akakiweka
pale fimbo ndefu ya ekseli inaposhikana na chesisi.
"Sikiliza kwa kidole."

Tk.
Tk.

Bushi imekula. Raba imepasuka kama kisigino cha kiangazi,
na tundu la bolti, lililozaliwa duara, limekuwa yai.
Mchezo wa unene wa kucha.

Hiki tu? Hiki ndicho kilichotikisa tani mbili,
na nesi, na vichupa mia na arobaini?
"Kitu kidogo kikishapata mwendo wake..."
Hakumalizia. Alikuwa anatafuta spana ya ishirini na nne.

Bushi mbili, elfu thelathini na tano.
Tundu likachomelewa, likatobolewa upya.
Bolti akaikaza gari likiwa chini, limesimama kwa miguu yake,
spana imeungwa kwa kipande cha bomba la maji,
mpaka chuma kikalia mara moja, kikakubali.

Jumatatu. Marungu. Sabini.
Nesi Zuwena amekumbatia boksi, macho mbele.
Kishimo.
Likaingia, likatoka.
Usukani ukaguna neno moja fupi, ukaendelea na shughuli zake.

Waliotetemeka ni mikono yangu, hadi Tongoni,
na hiyo haina duka la vipuri.
Nesi akaniona. Akafungua kikaratasi,
akanimiminia karanga kwenye kiganja cha kushoto.
"Shika," akasema. "Zikimwagika nitajua."